Karatasi Iliyoandikwa kwa Makaa

Gashe Tamrat alizikwa Jumatano, na Alhamisi tulikaa matanga nyumbani kwake Embulbul, watu karibu arobaini katika sebule ya watu kumi. Wanawake walikuwa wakikaanga kahawa mbichi kwenye jiko la makaa, na moshi wake ukatutoa machozi ambayo wengine wetu tulikuwa tumeyazuia tangu makaburini. Injera, ule mkate wao laini wa chachu, ilipitishwa kwenye sinia pana, juu yake mchuzi wa shiro na dengu, tukala watu wanne wanne kutoka sinia moja bila kuongea sana. Kisha Hiwot, ambaye nilimfundisha akiwa na miaka kumi na moja na sasa ni muuguzi mwenye watoto wake, akasimama na kusema kwamba wote waliokuwa pale wanajua Gashe alikuwa mtu mzuri, lakini ni mmoja tu aliyefanya kazi naye Kitengela, kwa hivyo Ticha Mwikali aseme. Nikasimama. Niliwaeleza jinsi mwalimu yule alivyowafundisha watoto kusoma Kiamhara kwa hadithi aliyoitunga mwenyewe, ukurasa mmoja kila siku, na jinsi watoto walivyokuwa wakipigania nakala. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Nilipokaa, Hiwot alinishika mkono, akaniambia, "Umeongea vizuri, Ticha." Niliongea vizuri kwa sababu niliruka mwezi mzima wa mwaka ule. Nimeuruka kwa miaka ishirini na zaidi. Sasa yeye hayuko, na sioni ni nani mwingine ninayemlinda isipokuwa mimi mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa 2000, mwaka wa ukame. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na cheti cha ualimu ambacho serikali haikuwa imekikumbuka. Nilikuja Kitengela kutafuta kibarua kwenye viwanda vya nguo huko Athi River, nikakosa, na nilipokuwa nikirudi kwa miguu kutoka kwa geti la kiwanda nikaona ubao mdogo umeandikwa kwa mkono: "Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili anatakikana." Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta za mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, madawati sita, na dirisha moja lisilo na kioo. Upepo wa Kitengela uliingia na vumbi jeupe la simiti, na siku nyingine ukaleta harufu ya kichinjio. Mwenye kuniandika kazi alikuwa mwanaume mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini hivi, amevaa koti la suti juu ya sweta. Alinipa mkono kwa mikono yote miwili. "Mimi naitwa Tamrat," alisema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. "Watoto wanasema Gashe. Ni kama, mkubwa. Kama mzee lakini si mzee sana." Nami nikamwita Gashe mpaka juzi.

Watoto walikuwa kumi na wanane. Wazazi wao walikuwa wamekimbia Ethiopia karibu miaka kumi kabla, wengine wana hoteli ndogo, wengine wanauza viungo na nguo, na walitaka watoto wao wajue kusoma lugha ya nyumbani ili siku moja waweze kusoma barua za nyanya zao. Tatizo ni kwamba watoto wenyewe walikuwa wamekuwa wa Kitengela. Walicheza kwa Sheng, wakagombana kwa Kiswahili, na Kiamhara walikisikia tu wakitumwa chumvi. Asubuhi niliwafundisha mimi. Mchana Gashe alitundika ukutani ile chati ya herufi zao, zaidi ya mia mbili, kila herufi na ndugu zake sita wanaofanana kama mapacha, na watoto wakaimba chati yote kutoka juu hadi chini wakiangalia nje ya dirisha. Walijua kuiimba. Ukifunika mstari mmoja kwa kidole, hawakujua wako wapi. Yonas, aliyekuwa na miaka kumi na mbili na mvivu kuliko wote, alikuwa akiimba macho yamefungwa.

Mwezi wa Machi, Gashe aliacha chati. Alikuja na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, na nakala zake tano alizotoa kwa karatasi ya kaboni, ile ya tano imefifia kama alama ya moshi. Aliwapa watoto bila kusema kitu, akaketi, akaanza kunoa penseli. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyeitwa Zenebech, jina linalotokana na mvua, binti wa mfanyabiashara wa chumvi. Mwisho wa ukurasa ule wa kwanza msichana alikuwa amejificha nyuma ya magunia, na mjomba wake alikuwa anaingia mlangoni na kitu mkononi. Kitu gani, ukurasa haukusema. Watoto wakamuuliza. Gashe akasema, "Kesho. Lakini kesho mimi sisomi. Nyinyi mnasoma." Sijawahi kuona watoto wakilima mistari namna ile. Hiwot alikuwa anatumia kucha. Yonas alifungua macho. Kufikia mwezi wa Mei walikuwa wanafika darasani mapema na kupigania nakala ya kwanza, iliyosomeka vizuri, na anayeshindwa anabaki na ile ya moshi, ambayo mwishowe Gashe alianza kunipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nakaa nyuma kila mchana badala ya kwenda nyumbani. Chumba changu hakikuwa na stima wakati mwingi, stima ilikuwa ya mgao mwaka ule, na sikuwa na mtu wa kumrudia. Nilijifunza Kiamhara hivyo, kwa nakala ya tano. Nilijua kusema chumvi, punda, mlango, mjomba, kiu, na sikujua kusema leseni au barabara, kwa sababu Zenebech hakuwa na leseni wala hakuona barabara.

Si wazazi wote waliofurahi. Baba yake Yonas, mzee Girma, alikuwa mtu wa kanisa sana, na alikuja siku moja akasimama mlangoni na kofia mkononi. Waliongea kwa lugha yao, lakini polepole, na nilishangaa kwamba nilielewa. "Sisi tulijifunza kusoma kwa Zaburi," mzee alisema. "Wewe unawafundisha kwa uongo. Huyo msichana hayuko." Gashe alimjibu, "Zaburi mwanao anaijua kwa moyo. Ukimfungulia Zaburi nyingine hawezi kuisoma. Kwa msichana ambaye hayuko, anasoma." Mzee aliangalia watoto, akaangalia karatasi, akaenda. Hakumtoa mtoto. Lakini alituachia neno lile, uongo, likabaki humo ndani pamoja nasi.

Mwezi wa Agosti hadithi ilikuwa imefika mahali pabaya. Mjomba alikuwa amemfungia Zenebech ndani ya nyumba ya mawe, kwa sababu msichana alikuwa ameona jambo ambalo hakutakiwa kuliona. Madirisha yalikuwa juu sana. Msichana akaanza kuandika barua kwa makaa ya jikoni, kwenye makaratasi aliyoyaokota, na kuzirusha nje, akiomba mtu apite anayejua kusoma. Kila mwisho wa somo Gashe aliwasimamisha watoto wote kando ya ukuta wa mabati na kuwafanya wasome ukurasa wa siku hiyo pamoja, kwa sauti. Walipenda sehemu hiyo. Walikuwa wanapiga kelele kama wachuuzi.

Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na ploti nyingine, na ndani yake nyumba ndefu ya mawe iliyokuwa stoo ya mahindi. Ploti zote mbili zilikuwa za Mama Njeri, mama mnene mchangamfu kutoka Kiambu, aliyekuwa na hoteli ya chai mbele ya duka. Tangu mwanzo wa Septemba nilianza kuona vitu. Madirisha ya stoo yalikuwa yamezibwa kwa mabati mapya, ila upenyo mdogo juu. Mlinzi, kijana ambaye hakutaka salamu hata ukimsalimu "Sopa" kwa Kimaasai mara tatu, alikuwa anaingiza mikate mingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Na mchana watoto wakinyamaza, nilisikia kukohoa. Nilimuuliza Mama Njeri siku moja akinimiminia chai.

"Mama Njeri, stoo iko na watu?"

"Stoo iko na mahindi."

"Mahindi yanakohoa?"

Alicheka, lakini aliweka birika chini. "Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Kila mtu ako na ploti yake. Hao ni wageni wanapita, watakaa siku mbili tatu, waende na safari yao. Wewe fundisha watoto." Nilimaliza chai yangu. Nikafundisha watoto. Maji yalikuwa yameisha kwenye mifereji yote ya mtaa wetu wiki hiyo, Wamaasai walikuwa wanapitisha ng'ombe waliobaki mifupa kwenda kutafuta nyasi upande wa Nairobi, na kila mtu alikuwa na shida yake ya kutosha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nakumbuka pia kwamba siku moja, katikati ya somo, kikohozi kilisikika waziwazi, na Gashe akanyamaza na chaki mkononi, akasikiliza. Kisha akawaambia watoto wasome kwa sauti zaidi.

Wiki hiyohiyo alitoa zoezi. Kila mtoto aandike barua moja ambayo Zenebech ameirusha nje. Na kwa sababu Zenebech hakuwa na daftari wala kalamu, waandike kwa makaa, kwenye karatasi yoyote wanayoipata. Watoto walifurahi sana. Walikuja na mifuko ya simiti, makatoni ya sabuni, pakiti za unga zilizochanwa. Mikono ya darasa zima ilikuwa myeusi. Barua zilitakiwa kuwa zimefika Ijumaa, lakini Ijumaa Gashe alikwenda Nairobi kushughulikia karatasi zake za ukimbizi, ambazo zilikuwa zimepitwa na wakati na zilikuwa zikimkosesha usingizi. Aliniachia kazi ya kukusanya. Nilikusanya kumi na saba. Ya Yonas haikuwepo. Alisema aliileta na imepotea, na nikamwambia hiyo pia ni hadithi.

Watoto walipokwisha kwenda nilitoka nje kufunga dirisha, na chini ya ukuta, karibu na mfereji uliokauka, nikaona karatasi. Ilikuwa pakiti ya unga iliyochanwa na kukunjwa mara nne, imeandikwa ndani kwa makaa. Niliikunjua. Mwandiko ulikuwa mbaya, umeharakishwa, umelala upande mmoja. Nilisoma nikiwa nimesimama palepale, kidole chini ya kila herufi. Sikuelewa yote. Nilielewa siku sita. Nilielewa maji hakuna. Nilielewa dada yangu, kisha neno ambalo sikulijua, kisha tena dada. Nilielewa mlango. Na mstari wa mwisho niliuelewa wote, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kwa kuuelewa: Wewe unayesoma, ita watu.

Nilidhani ni ya Yonas. Nilifikiri, kumbe mtoto huyu ana kichwa, amempa Zenebech dada. Niliingia ndani, nikachukua kalamu nyekundu, na kwenye kona ya karatasi ile nikaandika neno la kwanza la Kiamhara ambalo nimewahi kuliandika kwa ajili ya mtu mwingine: gobez, hodari. Niliiangalia kazi yangu, herufi tatu zilizosimama vizuri. Kisha nikaiweka na zile nyingine ndani ya kabati, nikageuza ufunguo, nikaenda nyumbani kupika.

Jumatatu Gashe alirudi akiwa mchovu, karatasi zake hazijafanyiwa kitu. Saa nane watoto walikuwa nje, naye alikuwa mezani anasoma zile barua moja baada ya nyingine, akitabasamu, akinisomea vipande. Nilikuwa nafuta ubao. Nikasikia amenyamaza. Nilipogeuka alikuwa ameshika ile pakiti ya unga kwa mikono miwili.

"Nani ameandika hii?"

"Yonas. Aliiangusha hapo nje."

"Huyu si mtoto, Mwikali." Alisoma tena, midomo ikitikisika. "Hapa anasema sisi watu kumi na tisa. Anasema mlango umefungwa nje. Anasema dada yangu joto, haamki vizuri." Aliniangalia, na sijui kama alikuwa ameona ile kona nyekundu tayari au aliiona wakati ule. "Ulipata lini?"

"Ijumaa."

Gashe alisimama kiti kikaanguka, akatoka mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona hata akitembea haraka. Tulizunguka hadi geti la ploti ya pili. Lilikuwa wazi. Mlinzi hakuwepo. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli linaloning'inia kwa nje, limefunguliwa. Ndani sakafu ilikuwa imeoshwa kwa dawa kali, bado ina unyevu kwenye pembe, na mtu aliyeiosha alikuwa amesahau nyuma ya mlango ndoo iliyofunikwa ambayo harufu yake sitaieleza. Kando yake palikuwa na jiko la makaa, baridi, na ndala moja ya mwanamke. Mama Njeri alikuja nyuma yetu akijifuta mikono kwa aproni. "Si nilikwambia ni wapita njia," alisema. "Walienda jana asubuhi watu wakiwa kanisani." Gashe alimuuliza kama kulikuwa na msichana mgonjwa. Mama Njeri aliangalia sakafu. "Mimi nilikodisha tu nyumba," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Mimi sikuwa na ufunguo."

Tulikwenda kituo cha polisi kuripoti, na huko tukakuta habari imefika kabla yetu. Lori lilikuwa limesimamishwa Jumapili kwenye barabara ya Namanga, mbele ya Kajiado, limebeba katoni za sabuni, na chini ya katoni watu. Dereva alikimbilia vichakani. Watu kumi na wanane walikuwa rumande Kajiado. Mmoja alikuwa mochari.

Jumatano tulikwenda kortini Kajiado. Mkalimani aliyetarajiwa kutoka Nairobi hakuwa amefika, na karani alikuwa anauliza kwenye veranda kama kuna mtu yeyote anayejua lugha ya hao watu. Gashe aliinua macho, akayashusha. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, umeshika karatasi zilizopitwa na wakati. Nilielewa. Mtu mwenye karatasi kama zile haingii kortini kwa hiari yake. Nikasema najua kidogo. Ndiyo maana mtu wa kwanza kuwatafsiria mashtaka yale kwa Kiamhara alikuwa msichana Mkamba mwenye maneno ya hadithi moja. Waliposoma kwamba washtakiwa waliingia nchini bila kibali, sikujua kibali ni nini kwa lugha ile. Zenebech hakuwahi kuhitaji kibali. Nikawaambia: mliingia nyumba ya watu bila kubisha mlango. Wale watu, wengi wao vijana wa mashambani ambao kwao waliongea lugha nyingine kabisa na Kiamhara walikipata shuleni kama mimi, waliniangalia kwa makini, midomo imepasuka, wakaitikia kwa vichwa. Kweli, wakasema mmoja mmoja. Tuliingia bila kubisha. Nikamgeukia hakimu nikasema wamekubali.

Baadaye waliruhusiwa kula kabla ya kurudishwa rumande. Gashe alikuwa amenunua mikate na maziwa, na askari mmoja mzee akaturuhusu tuwagawie kwenye korido. Mwanaume mmoja hakupokea. Alikuwa na miaka kama yangu, shati limetoka vifungo, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa bado na weusi kwenye kucha. Aliniuliza jina langu, nikamwambia, na kwamba mimi ni mwalimu Kitengela. Lake lilikuwa Markos. Dada yake aliitwa Lemlem, alikuwa na miaka kumi na saba. Aliongea polepole ili nielewe, kama mtu anavyoongea na mtoto.

"Unatoka pale Kitengela? Pale watoto wanasoma?"

"Ndiyo."

"Nilirusha karatasi. Ijumaa. Mtu yeyote aliiona?"

Gashe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameinama juu ya kreti la maziwa. Nilikuwa na maneno yote. Mimi, niliokota, nilisoma: ni maneno ya darasa la kwanza, Zenebech aliyatumia kila ukurasa. Nikasema, "Hakuna aliyeiona." Niliisema bila kosa hata moja. Markos akaitikia kwa kichwa polepole, akachukua mkate, na sijui kama nililompa lilikuwa jambo jema au baya kuliko yote niliyowahi kumpa mtu. Gashe hakuinua kichwa. Aliendelea kupanga pakiti za maziwa ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Kabla ya kuondoka tulipita mochari, kwa sababu Markos alimwomba Gashe mtu amwone dada yake. Muuguzi aliyekuwa zamu alitueleza bila kuulizwa sana. Malaria, alisema, ilipanda kichwani, na maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Nilimuuliza kama angepona. Alikuwa anaandika kitu. "Angeletwa siku mbili mapema, dadangu, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Kisha akaniomba nimsogezee kitabu cha kumbukumbu kilichokuwa mezani karibu na mkono wangu. Tulikula katika hoteli moja karibu na stesheni, au tuseme tuliagiza chakula. Nyama ilikuwa ngumu na ya bei rahisi, kila mtu alikuwa anachinja kabla ng'ombe hajafa mwenyewe. Gashe alisema, akiangalia sahani, "Mimi nilijua kuna watu wetu pale."

"Ulijua?"

"Nilisikia wakikohoa. Kikohozi hakina lugha, lakini baadaye walikuwa wanaongea. Nilifikiri wanapita, kama mimi nilivyopita. Sikujua wamefungiwa. Nilifikiri nikiuliza, polisi watakuja, wataniuliza na mimi karatasi. Basi nikawaambia watoto wasome kwa sauti. Nilitaka tu wasikie." Akasukuma sahani. "Hiyo ndiyo nilifanya. Niliwasomea hadithi."

Wale kumi na wanane walirudishwa kwao mwezi wa Oktoba. Lemlem alizikwa Kajiado, kwenye makaburi ya umma, na sisi wawili na mzee Girma, aliyekuja bila kuitwa, Zaburi yake mkononi, akasoma juu ya ardhi kavu ambayo upepo ulikuwa unaibeba hata tukiwa bado tunaifukia. Darasa lilifungwa wiki tatu. Lilipofunguliwa wazazi walikuwa wamekubaliana kwamba hadithi zimetosha, na Gashe hakubisha. Aliwasomesha Zaburi. Walijua kusoma sasa, hata Zaburi ambazo hawakuzikariri walizisoma, na hakuna aliyefurahi kuona hivyo, hata mzee Girma. Hiwot alimuuliza kila siku Zenebech alifunguliwa au hakufunguliwa. "Sijui bado," Gashe alimjibu kila siku. Kuhusu Kajiado hatukuongea, mimi na yeye. Tulisalimiana, tukagawana chaki. Alikuwa ananiita Mwalimu badala ya Mwikali, kwa adabu kamili, na adabu ile ilinichoma.

Barua ya Markos ilifika karibu na Krismasi, kwa sanduku la posta ambalo Gashe alikuwa amemwandikia kiganjani siku ile ya korido. Gashe aliisoma kwanza, kisha akanipa, nami nikaisoma bila kidole. Alishukuru kwa mkate. Alishukuru kwa mazishi. Alisema mama yake bado analala mchana na kukaa macho usiku. Kisha aliandika kwamba mle ndani ya stoo, kila mchana, walikuwa wakinyamaza wote kusikiliza watoto wakisoma. Ndiyo sababu alipata wazo la karatasi na makaa, kwa sababu alisikia kwamba upande ule kuna watu wanaojua kusoma. Lemlem alipokuwa bado anaongea alikuwa anauliza kila jioni wanadhani msichana yule atafunguliwa na nani. Sasa mama yao alikuwa ameambiwa hadithi ile mpaka pale ilipofika, na alitaka kujua mwisho. Kama si shida, mwalimu angeandika?

Gashe aliandika siku mbili. Kurasa nne, bila kaboni. Alinipa ninakili kwa mwandiko safi, kwa sababu kurasa zake zilikuwa zimejaa maneno yaliyokatwa, na nilinakili mpaka mahali ambapo watu wa mji, baada ya mwanamke mmoja kuokota barua na kuisoma, wanakuja na shoka na kuvunja mlango, na Zenebech anatoka akiwa hai, anapewa maji. Niliweka kalamu chini.

"Siwezi kumtumia mama yake hii. Ni uongo."

Gashe alikuwa dirishani. "Hii ni hadithi," alisema. "Ameomba hadithi, anajua ni hadithi. Uongo ni ule ulimwambia Markos." Hakuwa na hasira. Hakugeuka hata kuniangalia. "Na mimi nilikuwa hapo, nikanyamaza, kwa hivyo ni wetu wote wawili. Maliza kunakili, Mwikali."

Nilimaliza. Chini ya ukurasa wa nne palibaki nafasi ya vidole vitatu. Nilikaa na nafasi ile mpaka watoto wakaenda, mpaka Gashe akavaa koti lake, akaketi tena, akasubiri. Kisha nikaandika, bila kumuuliza neno hata moja: Markos, karatasi yako niliiokota mimi, Ijumaa ileile. Niliisoma, sikuielewa. Kortini nilikudanganya. Nikaandika jina langu. Gashe aliisoma, akasahihisha herufi moja, akaifunga ndani ya bahasha, na tukatembea pamoja hadi posta kabla haijafungwa.

Markos hakujibu. Mwaka uliofuata serikali ilinikumbuka, nikapelekwa kufundisha Isinya, na kila mwisho wa mwezi nilipita Kitengela kumuuliza Gashe kama kuna kitu. Alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni, ili nisitembee na matumaini hatua zile za mwisho. Mwaka wa tatu niliacha kuuliza, naye akaacha kutikisa kichwa, tukawa tunakunywa kahawa tu.